Kusomea udaktari Tanzania bila kuifilisi familia: jinsi ya kupata chuo cha gharama nafuu na ufadhili wa ufaulu

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka mwezi Julai, nyumba nyingi zenye mtoto wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) huingia kwenye mbio za kuulizia chuo gani kina nafasi ya udaktari. Nafasi ni muhimu, lakini lipo swali linalotakiwa kujibiwa kabla yake: miaka mitano ya masomo italipwa na nani? Wapo vijana wenye uwezo mzuri darasani wanaokwama mwaka wa tatu. Wameshavuka anatomia, fisiolojia na baiokemia, wameshaanza kuzunguka wodini na koti jeupe, halafu wanazuiwa kuingia chumba cha mtihani kwa deni la ada. Naandika kwa ajili yao, na kwa ajili ya wazazi wanaouza shamba wakidhani ada ya mwaka wa kwanza ndiyo gharama yenyewe.

Mwongozo huu unamhusu anayelenga shahada ya udaktari wa binadamu, MD, ndani ya Tanzania. Ni miaka mitano ya chuo, kisha mwaka mmoja wa intanishipu hospitalini, ambao daktari hulipwa posho. Kwa hiyo mzigo wa kuupangia ni ule wa miaka mitano.

Hatua ya 1: Tahasusi sahihi, tangu kidato cha nne

MD inadai Fizikia, Kemia na Baiolojia, zote tatu. Hapa ndipo wengi hupotea mapema bila kujua. Mwanafunzi anachaguliwa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia), anaambiwa "nayo ni sayansi", anasoma miaka miwili kwa bidii, anapata alama nzuri kabisa, kisha anagundua kwamba bila Fizikia mlango wa MD umefungwa. Baiolojia na Kemia zikiwa A zote mbili hazisaidii. PCM nayo haifai, kwa kuwa haina Baiolojia.

Kwa hiyo mzazi mwenye mtoto wa kidato cha nne akague mwenyewe Selform, fomu ya kuchagua tahasusi. Matokeo yakitoka, TAMISEMI hufungua dirisha la kubadilisha machaguo ya tahasusi. Dirisha hilo ni fupi na ni bure. Kulikosa kunaweza kumgharimu mtoto ndoto yake.

Kitu kingine cha kuanza mapema ni mashindano ya Young Scientists Tanzania, yaliyoanzishwa mwaka 2011. Ni ya wanafunzi wa sekondari wanaofanya utafiti mdogo wa kisayansi wakisimamiwa na mwalimu wao, na washindi wake wa juu wamekuwa wakipewa ufadhili wa chuo kikuu na Karimjee Jivanjee Foundation. Mwanafunzi wa kidato cha tano mwenye mwalimu wa sayansi anayejituma asisubiri kidato cha sita kiishe ndipo aanze kutafuta ufadhili.

Hatua ya 2: Zisome alama zako kwa macho makavu

Katika mtihani wa kidato cha sita A ni alama 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. Kiwango cha chini cha kuomba MD ni jumla ya alama 6 katika masomo matatu, na kila somo lisipungue D. Maana yake hata ukiwa na A mbili, E ya Fizikia inakutoa.

Lakini alama 6 zinakupa haki ya kuomba tu. Chuo kina idadi maalumu ya nafasi, na waombaji hupangwa kuanzia mwenye alama nyingi kushuka chini. Muhimbili, ambako kila mwenye A anataka kwenda, aliyepata D tatu hana matumaini ya kweli. Aseme ukweli huo mapema kwa familia yake ili fedha ya maombi isiishie kwenye vyuo ambavyo havitamchukua.

Mimi huwagawa waombaji hivi. Mwenye alama 12 na kuendelea aweke vyuo vya umma mbele bila woga, na afuatilie ufadhili wa ufaulu kwa karibu. Mwenye 9 hadi 11 aombe vyuo vya umma pamoja na vya binafsi vyenye historia nzuri. Mwenye 6 hadi 8 apige hesabu za hatua inayofuata kabla ya kulipa chochote, kwa sababu kwake chuo binafsi ndicho kitakachomwita haraka, tena mara nyingi katika awamu za mwisho wakati familia imeshachoka na iko tayari kukubali lolote. Mgawanyo huu si kanuni ya TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Ni namna ya kujipanga tu, na ushindani hubadilika mwaka hadi mwaka.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya miaka mitano

Chukua karatasi. Usitumie ada ya tangazo peke yake.

Tuchukulie ada ya chuo cha umma ni Sh1,800,000 kwa mwaka. Kwa miaka mitano ni Sh9,000,000. Ongeza bima ya afya ya mwanafunzi ya NHIF, Sh50,400 kwa mwaka, na ada ya udhibiti ubora ya TCU, Sh20,000 kwa mwaka. Hizo mbili kwa miaka mitano ni Sh352,000. Sasa weka chakula na malazi. Tumia Sh10,000 kwa siku, na kwa kuwa mwaka wa MD ni mrefu kutokana na mizunguko ya wodini, weka siku 280. Ni Sh2,800,000 kwa mwaka, yaani Sh14,000,000 kwa miaka mitano. Jumla inafika Sh23,352,000, na hapo hujagusa vitabu, stethoskopu, makoti, nauli za likizo wala michango ya serikali ya wanafunzi.

Sasa rudia hesabu hiyo kwa chuo binafsi ambacho, tuseme, ada yake ni milioni 6 kwa mwaka. Ada peke yake inakuwa milioni 30, na jumla inavuka milioni 44. Tofauti ni milioni 21. Kwa familia ya mkulima au ya mwalimu, hiyo ni nyumba.

Tazama tena hesabu ya chuo cha umma. Chakula na malazi ni milioni 14, ada ni milioni 9. Kwa mwanafunzi wa chuo cha umma, kuishi ndiko kunakomaliza fedha kuliko kusoma. Ndiyo maana mfadhili anayesema "nitalipa ada" ashukuriwe, lakini aulizwe pia kuhusu chakula na chumba. Ndiyo maana vilevile mji wa chuo ni sehemu ya bei yake. Chumba cha kupanga karibu na Upanga, Dar es Salaam, iliko Muhimbili, si sawa na chumba Ifakara. Ukiwa na shangazi au baba mdogo Mwanza au Mbeya ambaye atakupokea kwa moyo mmoja, hilo ni punguzo kubwa kuliko mengi yanayotangazwa, mradi nyumba yake isiwe mbali mno na hospitali. Mwanafunzi wa MD hutakiwa wodini alfajiri, na zipo zamu za usiku.

Hatua ya 4: Orodhesha vyuo, vya umma vikitangulia

Vyuo vya umma vinavyotoa MD ni vichache na kila kimoja kina hospitali yake ya kufundishia. Muhimbili, yaani MUHAS, ndiyo kongwe: chanzo chake ni shule ya udaktari iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1963, na ikawa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, nacho cha mwaka 2007, wanafunzi wake wanajifunzia pamoja na kwingine Hospitali ya Benjamin Mkapa, na kinafahamika kwa kuwa na hosteli nyingi, jambo linalopunguza sana makali ya kodi ya chumba. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina ndaki yake ya afya Mbeya. Zanzibar ipo SUZA.

Vya binafsi vinavyofahamika zaidi ni cha Bugando Mwanza kilicho chini ya Kanisa Katoliki, cha KCMC Moshi, cha Kairuki kilichopo Mikocheni, na cha Mtakatifu Fransisko Ifakara. Bugando na KCMC ni hospitali za rufaa za kanda, wagonjwa ni wengi na wa kila aina, na daktari mwanafunzi anaona mengi. Nasema hivyo kwa sababu baadhi ya watu hudhani binafsi ni hafifu. Suala hapa ni bei, siyo heshima ya vyuo hivyo.

Kabla ya kuweka chuo kwenye orodha, fungua kitabu cha mwongozo wa udahili cha TCU cha mwaka huo huo. Humo kuna kila programu, sifa za kujiunga, muda wa masomo na idadi ya nafasi. Kama programu haimo, usiiombe, hata ukipigiwa simu na mtu mwenye maneno matamu. Mwaka 2017 TCU ilizuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya, na waliokuwa wanategemea taarifa za mwaka uliotangulia walibaki wameduwaa. Baada ya kitabu cha TCU nenda kwenye tovuti ya chuo, tafuta jedwali la ada la mwaka huu, lipakue, lichapishe.

Hatua ya 5: Ufadhili wa ufaulu

Mkubwa kuliko yote kwa sasa ni Samia Scholarship. Ulianza mwaka wa masomo 2022/2023 ukiwa umetengewa Sh3 bilioni, na unawalenga waliofanya vizuri zaidi katika tahasusi za sayansi kidato cha sita wanaokwenda kusoma sayansi, teknolojia, uhandisi, hisabati au elimu tiba katika vyuo vya ndani vyenye ithibati. Udaktari umo. Unalipa ada, chakula na malazi, vitabu na viandikwa, mahitaji maalumu ya kitivo, mafunzo kwa vitendo na utafiti. Kwa hesabu yetu ya juu, huo ni mzigo karibu wote. Na ni ufadhili, haurudishwi.

Mambo matatu kuhusu ufadhili huu huwaponyoka watu. La kwanza, hauangalii umaskini wa familia, unaangalia ufaulu. Mtoto wa mfanyabiashara na mtoto wa bodaboda wanapimwa kwa alama. La pili, majina ya wanaostahili kuomba hutolewa baada ya matokeo, lakini jina kuwemo kwenye orodha si kupewa. Lazima uombe mwenyewe kupitia mfumo wa Bodi ya Mikopo, HESLB, ndani ya muda uliotajwa. Mwanafunzi aliye kijijini bila intaneti anaweza kupitwa na nafasi ya mamilioni kwa kukosa bando ya wiki moja. Mwalimu mkuu anayesoma hapa, tafadhali, orodha ikitoka wapigie simu vijana wako mmoja mmoja. La tatu, ufadhili una masharti ya kudumisha kiwango cha ufaulu chuoni. Soma mwongozo wa mwaka wako, ukiandike kiwango hicho ukutani juu ya kitanda chako.

Nje ya huo, fedha za ufaulu kwa shahada ya kwanza ya udaktari nchini ni chache na zimetawanyika. Ofisi ya mshauri wa wanafunzi katika kila chuo ndiyo inayojua kama kuna mfuko wa wahitimu wa zamani, zawadi ya mwanafunzi bora wa mwaka wa kwanza, au taasisi inayolipia wasichana. Hayatangazwi kwa sauti. Nenda ukaulize wiki ya kwanza, kisha rudi ukaulize tena mwaka wa pili ukiwa na matokeo mkononi, kwa sababu aliyekwisha kuonyesha anafaulu anatomia ana sauti kuliko anayeahidi.

Mzanzibari asisahau Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu Zanzibar, ambayo ni chombo tofauti na HESLB na ina taratibu zake.

Hatua ya 6: Mkopo wa Bodi, na nyaraka zinazouangusha

Hata kama una A tatu, andaa nyaraka za mkopo. Udaktari uko kwenye kundi la programu za kipaumbele kwa HESLB, na kwa wengi wenye alama za kati mkopo ndio utakaobeba safari. Unarudishwa kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara ukishaajiriwa, na tangu mwaka 2021 ile tozo ya asilimia 6 ya kutunza thamani ya mkopo iliondolewa. Kwa masharti hayo sioni sababu ya mzazi kukopa kwenye taasisi za riba kabla ya kuhangaikia Bodi kwanza.

Kinachowaangusha waombaji, kwa sehemu kubwa, ni karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, na kwa Zanzibar na wakala wa huko wa matukio ya kijamii. Sasa angalia cheti kinachosema "Mohamed Juma Ally" na cheti cha kidato cha nne kinachosema "Mohamedi J. Ali". Kwa jirani zako ni mtu yule yule. Kwenye mfumo ni watu wawili. Kurekebisha kunataka kiapo cha majina na muda wa kufuatilia, na ukilianza hilo mwezi Agosti utakuwa umechelewa. Lifanye mtoto akiwa kidato cha tano. Aliyefiwa na mzazi ahakiki na cheti cha kifo, kwa sababu uyatima usio na cheti haupati alama yoyote kwenye tathmini ya uhitaji. Kaya iliyo kwenye mpango wa TASAF wa kusaidia kaya maskini iwe na namba yake ya mnufaika. Aliyesomeshwa sekondari na mfadhili apate barua ya mfadhili huyo, vinginevyo ada ya shule ya binafsi aliyosoma itaonekana kama uwezo wa baba yake. Mwenye ulemavu, au mzazi mwenye ulemavu, athibitishiwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa.

Namba ya mtihani wa kidato cha nne utakayotumia kuomba chuo iwe ile ile utakayotumia kuomba mkopo. Aliyefanya mtihani zaidi ya mara moja anateleza hapa: anaomba chuo kwa namba ya mwaka huu na mkopo kwa ya mwaka jana, mifumo inashindwa kumkutanisha yeye na yeye, na jina lake halitoki.

Ukimaliza kujaza, fomu huchapishwa, ikasainiwa na ofisa wa serikali ya mtaa au kijiji na kamishna wa viapo au hakimu, mdhamini akaweka sahihi na picha, ndipo kurasa zilizosainiwa zikapandishwa kwenye mfumo. Kagua kurasa hizo baada ya kuzipandisha. Sahihi iliyokatwa pembeni na skana ni sawa na hakuna sahihi.

Chuo binafsi nacho kinakopesheka, ila kuna kikomo cha ada ambayo Bodi hulipa. Kinachozidi ni chako. Na mkopo hutolewa kwa asilimia kulingana na tathmini ya uhitaji, hivyo usiandike "Bodi italipa" kwenye karatasi yako ya hesabu mpaka uone mgawanyo. Ukipewa kidogo, dirisha la rufaa hufunguliwa. Katumie nyaraka mpya ambazo hukuziwasilisha awali, maana rufaa yenye malalamiko matupu haibadilishi kitu.

Hatua ya 7: Kuomba na kuthibitisha

Tangu mwaka 2017 maombi hupelekwa moja kwa moja chuoni, si TCU. Kila chuo kina mfumo wake na ada yake ya maombi. Omba awamu ya kwanza. Nafasi za MD za vyuo vya umma huisha haraka kuliko programu nyingine, na anayesubiri awamu ya pili "aone upepo" mara nyingi hukuta zimebaki za gharama kubwa.

Andika laini yako mwenyewe ya simu, iliyosajiliwa kwa jina lako, siyo ya kijana wa stesheneri aliyekujazia. Ukichaguliwa vyuo viwili au zaidi, utatakiwa kuthibitisha kimoja kwa namba ya siri inayotumwa kwenye simu. Namba ikienda kwenye laini ya mtu mwingine, nafasi yako iko mikononi mwake. Kabla ya kuthibitisha rudi kwenye karatasi yako ya miaka mitano. Ukichaguliwa UDOM na chuo binafsi cha Dar es Salaam kwa siku moja, usiruhusu sifa za mji zikuamulie jambo la milioni 21.

Hatua ya 8: Ukibaki na chuo binafsi

Siyo mwisho. Kuna familia zinazoweza, na kuna wanafunzi ambao hapo ndipo mahali pao. Ila kabla ya kulipa hata senti, nenda ofisi ya mhasibu wa chuo, au mtume ndugu aliye karibu, aulize: ada imekuwa ikipanda kwa kiasi gani? Inalipwa kwa awamu ngapi? Fedha ya Bodi ikichelewa mwanafunzi anaruhusiwa kufanya mtihani? Kuna malipo tofauti ya hospitali ya kufundishia kuanzia mwaka wa tatu? Majibu ombeni kwa maandishi.

Kama chuo kinakupa punguzo la ufaulu, barua ieleze ni kwa miaka mingapi na kwa wastani gani. Punguzo la mwaka wa kwanza pekee, kwenye safari ya miaka mitano, ni dogo mno kulingana na linavyosikika.

Mlango mwingine ni hospitali za makanisa na jimbo. Nyingine husomesha vijana kwa mkataba wa kurudi kuhudumu baada ya kuhitimu. Ni jambo jema kwa mwenye moyo wa kukaa huko. Msome mkataba pamoja na mtu anayejua sheria, mwangalie idadi ya miaka, mshahara, na mtakachodaiwa mkivunja. Kijana wa miaka 19 anasaini maisha atakayoishi akiwa na miaka 30; asisaini peke yake.

Na mwenye alama 6 au 7 afikirie kwa uzito kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. Najua inavyouma kuona wenzako wanaondoka. Mwaka mmoja wa kusoma nyumbani ni nafuu sana kuliko pengo tuliloliona kwenye hesabu.

Hatua ya 9: Njia ya diploma

Kwa aliyeishia kidato cha nne na ufaulu wa Baiolojia, Kemia na Fizikia, au ambaye kidato cha sita kilimgomea, ipo diploma ya utabibu ya miaka mitatu. Ukihitimu unaajirika kama afisa tabibu, na ukiwa na wastani wa B au GPA ya 3.0 unaweza kuomba MD, mradi kidato cha nne una angalau D katika Hisabati, Kemia, Baiolojia, Fizikia na Kiingereza. Hiyo D ya Hisabati imewarudisha wengi nyumbani. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 serikali ilianza kukopesha pia wanafunzi wa diploma katika fani za kipaumbele, afya ikiwemo.

Ni njia ndefu, miaka minane ya shule kabla ya intanishipu, na nafasi za MD kwa wenye diploma ni chache. Uzuri wake ni kwamba katikati una kazi. Afisa tabibu aliyeajiriwa anaweza kuomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri, na anafika mwaka wa tatu akijua tayari kushika mgonjwa.

Tahadhari moja: usisome shahada nyingine yoyote, uuguzi, maabara au nyingineyo, kwa mpango wa "kubadilisha baadaye kwenda MD". Isome kama unaipenda. Miaka mitano ya MD itakusubiri pale pale, na mkopo wa shahada ya kwanza utakuwa umeshautumia.

Hatua ya 10: Nje ya nchi, kwa tahadhari

Wizara ya Elimu hutangaza nafasi za ufadhili wa serikali rafiki kama China na Algeria. Fuatilia matangazo yake yenyewe. Ufadhili wa serikali ya China kwa shahada ya kwanza kwa kawaida ni wa kusoma kwa Kichina, baada ya mwaka wa kujifunza lugha. Ule wa serikali ya India unaotolewa na ICCR, baraza lake la mahusiano ya kiutamaduni, hauhusu udaktari kabisa. Anayekuahidi MD kupitia huo anakudanganya.

Mawakala wa Dar es Salaam wenye mabango ya "skolashipu asilimia 50" wengi wanauza punguzo la ada la mwaka wa kwanza. Mwombe wakala barua ya chuo, yenye ada ya kila mwaka hadi wa mwisho. Akisita, ondoka. Kabla ya kusafiri omba TCU cheti cha kutokuwa na pingamizi, kwani bila hicho shahada yako inaweza kuleta mgogoro ukirudi. Na jua kwamba mhitimu wa nje atapita kwenye mtihani wa Baraza la Madaktari Tanganyika kabla ya kuanza intanishipu.

Hatua ya 11: Ukishaingia

Fedha ya kujikimu, boom, hutoka kwa awamu, kwa kawaida ya siku 60 kila mara, na ya kwanza huweza kuchelewa. Nenda na fedha ya chakula na chumba ya miezi miwili. Usinunue vitabu vipya vya bei kali wiki ya kwanza. Ongea na wa mwaka wa pili, wana vitabu, wana mitihani ya nyuma, na wengi wana roho nzuri.

Sapu moja, yaani mtihani wa marudio wa somo, ni jambo la kawaida kwa mwanafunzi wa udaktari, lakini kurudia mwaka ni jambo la fedha. Mwaka wa marudio kwa kawaida Bodi hailipi, na kwa hesabu yetu ni takribani Sh4,670,000 mfukoni mwa mzazi kwa chuo cha umma. Kwa hiyo ukiona jaribio la kwanza la anatomia limeenda vibaya, nenda kwa mwalimu wa somo wiki hiyo hiyo, jiunge na kikundi cha majadiliano, na umwambie mzazi ukweli mapema. Kama umeugua au umefiwa, mwandikie mkuu wa ndaki barua ya kuomba kuahirisha masomo kabla ya mtihani, ukiambatanisha uthibitisho, na nakala ya barua ya ruhusa uipeleke dawati la mikopo la chuo, ili fedha yako isimamishwe kwa utaratibu na irudi utakaporejea.